Chuma Mguuni, Lenzi Jichoni: Mgeni Anayekaa Ndani ya Mwili



Kijana mmoja aliletwa wodini kwetu na baba yake na shangazi yake, miezi minne baada ya kuvunjika paja katika ajali ya pikipiki. Alikuwa amefanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa, akaruhusiwa kwenda nyumbani akitembea kwa magongo. Sasa paja lilikuwa limevimba na lina joto, na usaha ulikuwa ukitoka katika kitundu kidogo kando ya kovu. Shangazi alisema kwa uchungu: "Sista, mimi nilisema tangu mwanzo. Chuma si nyama. Kimeoza humo ndani."

Ilibidi kijana arudishwe chumba cha upasuaji. Chuma kilipotolewa, daktari aliniruhusu nikioshe nimwonyeshe shangazi. Kiling'aa kama siku kilipoingia. Hakikuwa na kutu wala doa. Nikamwambia: "Shangazi, kilichoharibika si chuma. Kilichoharibika ni mfupa, na walioshambulia ni vijidudu."

Siku hizi karibu kila jumuiya ina mtu mwenye kitu kigeni ndani ya mwili wake: chuma mguuni, lenzi jichoni, wavu tumboni, hata vali katika moyo. Wengi wanaogopa vitu hivyo, na wengine wamekataa matibabu ambayo yangewafaa. Wengine, kinyume chake, hudhani kwamba kitu kikishawekwa basi kazi imekwisha. Mwezi huu tueleze kwa nini mwili hukubali vitu fulani na kukataa vingine, na jamaa wa mgonjwa wana wajibu gani.

MWILI HUFANYA NINI UKIINGIWA NA KITU KIGENI?

Mtoto akichomwa na mwiba shambani, na ncha ikakatikia ndani ya nyama, baada ya siku mbili tatu mahali pale huvimba, huuma na kutunga usaha. Lakini wapo wazee waliopigana vita ambao wameishi miaka mingi na kipande cha risasi mwilini bila usaha wowote. Tofauti ni nini?

Katika damu zetu zimo chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Kitu chochote kigeni kikiingia, askari hao hukizunguka na kujaribu kukila. Baada ya hapo mambo manne yaweza kutokea:

1. Mwili hupigana nacho mpaka kitoke, kama mwiba wenye uchafu na vijidudu.
2. Mwili hushindwa kukila, lakini hukizungushia ukuta wa kovu na kukiacha, kama ile risasi.
3. Mwili hukiyeyusha kidogo kidogo mpaka kiishe, kama baadhi ya nyuzi za kushonea.
4. Mwili huungana nacho, hata nyama au mfupa ukaota juu yake.

Wataalamu wanaotengeneza vifaa vya kuwekwa mwilini hutafuta vitu visivyouchokoza mwili. Tena si hilo tu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chuma cha paja hakiingii kukaa tu. Kinabeba uzito wa mtu kila hatua. Kwa hiyo ni lazima kiwe kitu ambacho mwili hukivumilia, na ambacho pia hakichoki kazini.

SI KILA CHUMA HUFAA

Maji ya mwili yana chumvi. Ndugu zetu wa Tanga, Mombasa na Unguja wanajua bahari inavyokula misumari na mabati. Chuma cha kawaida kikiwekwa mwilini nacho hushika kutu, na kutu hiyo huchokoza nyama. Ndiyo sababu hospitali hazitumii chuma cha dukani. Hutumia chuma maalumu kisichoshika kutu, ambacho kimechanganywa na madini ya kromi. Kromi hutengeneza utando mwembamba sana juu ya chuma na kukikinga na chumvi.

Yapo pia madini ya titani, ambayo ni mepesi na yana utando wa aina hiyo. Mwaka 1952 mtaalamu mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza damu inavyopita katika mifupa ya sungura. Alitumia vifaa vidogo vya titani vilivyochomekwa ndani ya mfupa. Alipomaliza akataka kuvitoa, vikakataa kutoka: mfupa ulikuwa umeota na kushikamana navyo. Jambo lililomsumbua siku ile likawa faida kwa watu wengi. Mwaka 1965 alianza kuwawekea watu mizizi ya meno ya bandia ya titani, na mgonjwa wake wa kwanza aliitumia kwa miaka zaidi ya 40.

Lakini tusidhani kwamba wataalamu hufaulu mara moja. Daktari John Charnley wa Uingereza alitengeneza nyonga bandia kwa ajili ya watu ambao viungo vyao vimesagika. Mwanzoni alitumia plastiki laini inayoteleza vizuri, ileile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Aliwawekea wagonjwa karibu 300. Baada ya muda plastiki hiyo ililika, unga wake ukaichokoza nyama, na viungo vikalegea. Charnley alilazimika kuwapasua tena wagonjwa wake. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki nyingine ngumu zaidi, na hiyo ndiyo iliyofungua njia ya nyonga bandia zinazotumika mpaka leo. Somo lake ni hili: kitu chaweza kuwa kizima kikavumilika, lakini kikisagika kuwa unga mwili ukaanza vita.

Kwa wagonjwa wetu wa ajali, faida ya chuma ni kubwa. Zamani aliyevunjika paja alilala kitandani wiki nyingi, mara miezi, mguu ukivutwa kwa mzigo. Wengine walipata vidonda vya mgongoni, wengine mguu uliunga umepinda. Mwaka 1999 daktari wa mifupa wa Marekani, Lewis Zirkle, ambaye aliwahi kufanya kazi Vietnam wakati wa vita, alianzisha shirika la SIGN. Shirika hilo hutengeneza vyuma vya ndani ya mfupa ambavyo daktari aweza kuviweka na kuvifunga kwa skrubu bila kuwa na mashine ya eksrei chumbani wakati wa upasuaji. Vyuma hivyo vimetumika katika nchi nyingi maskini, pamoja na hapa Tanzania. Mgonjwa huweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache.

PLASTIKI ILIYOINGIA JICHONI VITANI

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa lenzi ya jicho kuingia ukungu, na huwapata hasa wazee. Dawa ya matone haiutibu. Tiba ni upasuaji. Zamani daktari aliitoa lenzi iliyoharibika, kisha mgonjwa akapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Miwani ikipotea au ikivunjika, mzee anarudi gizani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa macho wa London, Harold Ridley, aliwaona marubani wenye vipande vya plastiki ngumu machoni, vilivyoruka kutoka kwenye madirisha ya ndege zilizopigwa. Aliona kwamba vipande hivyo vilikaa kimya. Jicho halikupigana navyo. Akawaza: kama jicho linaivumilia plastiki hii, kwa nini tusiitengenezee lenzi? Tarehe 29 Novemba 1949 alimwekea mwanamke mmoja lenzi ya kwanza ya aina hiyo. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi, wakisema kazi ya daktari wa macho ni kutoa vitu jichoni, si kuviingiza. Leo mamilioni ya watu wanaona kwa sababu yake.

Lenzi hizo zilikuwa ghali. Kuanzia mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab, mjini Madurai huko India, kilianza kuzitengeneza kwa bei nafuu sana, na hivyo hata hospitali za vijijini ziliweza kuzipata.

Wapo wanaokuja kwetu miaka kadhaa baada ya upasuaji wakisema lenzi imeoza kwa sababu ukungu umerudi. Lenzi ya plastiki haiozi wala haipati mtoto wa jicho. Mara nyingi kinachoingia ukungu ni ngozi nyembamba ya jicho lenyewe iliyo nyuma ya lenzi, na hiyo hutibiwa kwa mwanga maalumu katika muda mfupi. Msimwache mzee gizani kwa kudhani hakuna la kufanya.

NYUZI NA WAVU

Nyuzi za kushonea ni mgeni ambaye hukaa kwa muda tu. Kwa miaka mingi hospitali zilitumia nyuzi zilizotengenezwa kwa matumbo ya kondoo au ng'ombe, ambazo mwili huziyeyusha wenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 zilipatikana nyuzi za kutengenezwa kiwandani ambazo maji ya mwili huzimeng'enya polepole, hadi kidonda kikiisha kushikana nazo zinatoweka. Kwa hiyo mama aliyejifungua kwa upasuaji asishangae akiambiwa nyuzi za ndani hazitolewi.

Wavu nao huwekwa kwa wagonjwa wa ngiri. Nyama za tumbo zikilegea, daktari hushona wavu laini wa plastiki juu ya pengo, na nyama huota ikipenya kwenye matundu yake, kama mche unavyoota na kupita katika uzio. Wavu wa hospitali una bei. Huko Uganda wataalamu walilinganisha wavu huo na wavu wa bei ndogo uliokatwa kutoka kitambaa cha chandarua na kusafishwa kwa mvuke mkali. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016, kwa wanaume 302, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakupishana. Lakini naomba mtu asielewe vibaya: chandarua cha nyumbani, tena chenye dawa ya mbu, si cha kuingizwa mwilini. Kilichofanya kitambaa kile kifae ni aina yake ya plastiki na namna kilivyosafishwa.

VALI YA MOYO

Mtoto mwenye maumivu ya koo yasiyotibiwa aweza kupata homa ya viungo, na homa hiyo ikaharibu vali za moyo. Vali ni milango inayozuia damu isirudi nyuma. Ikiharibika kabisa, madaktari huweka nyingine. Vali ya kwanza ya kati ya moyo iliyofaulu iliwekwa mwaka 1960 huko Marekani na Daktari Albert Starr, kwa kushirikiana na mhandisi Lowell Edwards.

Ziko aina mbili. Ya kwanza hutokana na nyama ya ng'ombe au nguruwe iliyohifadhiwa kwa dawa. Haihitaji dawa kali za kila siku, lakini huchakaa, hasa kwa vijana. Ya pili ni ya kaboni ngumu na chuma. Hudumu miaka mingi sana, lakini damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mwenye vali hiyo hutumia dawa ya kuzuia damu isigande, warfarini, maisha yake yote, na hupimwa damu mara kwa mara.

Namkumbuka mama mmoja kijana aliyekuwa na vali kama hiyo. Alijisikia mzima, akalima, akafua, akaona dawa za nini tena. Aliacha kwa wiki tatu. Alirudishwa kwetu mdomo umepinda na mkono wa kulia haunyanyuki: damu ilikuwa imeganda juu ya vali, na donge likakimbilia kwenye ubongo. Vali haikumkataa. Alikosa kile ambacho vali inakihitaji ili ikae naye kwa amani.

Kwa hiyo, mwenye vali ya namna hii asiache warfarini bila daktari. Asinunue aspirini, dawa za maumivu, dawa za kuua vijidudu wala dawa za mitishamba bila kuuliza, kwa sababu nyingi huongeza au kupunguza nguvu ya warfarini. Mboga za majani asiziache. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, si leo kisamvu sahani mbili na wiki nzima ijayo hakuna. Akitaka kung'oa jino, amwambie daktari wa meno kwanza. Na mama anayetaka kupata mtoto amwone daktari kabla ya mimba, kwa sababu warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kwaweza kumwua mama.

ADUI NI YULE ALIYEJIFICHA

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kama chuma kilikuwa kizima, usaha ulitoka wapi?

Tazama mtungi wa maji usioswakwa muda mrefu. Ndani yake hushika utelezi, na ukimimina maji peke yake utelezi hautoki, mpaka usugue. Vijidudu hufanya hivyohivyo juu ya chuma au plastiki iliyo mwilini. Hushikamana, kisha hujifunika kwa utando wa ute. Chini ya utando huo askari wa damu hawawafikii, na hata dawa kali hupenya kwa shida. Katika nyama tupu vijidudu vichache vingeshindwa haraka, lakini vikipata chuma cha kujishikiza huwa wapangaji wasiotoka. Mara nyingi dawa hupunguza usaha, na ukiacha dawa unarudi. Mwisho wake hulazimu kupasua, kusugua, na mara nyingine kukitoa chuma chenyewe.

Ndiyo sababu chumbani kwa upasuaji tunachemsha vyombo kwa mvuke, tunaosha mikono kwa dakika kadhaa na hatumruhusu mtu kuingia ovyo. Lakini mlango wa pili wa vijidudu ni kidonda kilichoko nyumbani. Kijana wetu, kama tulivyokuja kujua, alianza kutoa majimaji kwenye mshono wiki ya tatu. Jamaa walidhani ni kawaida. Wakampeleka kwa mkandaji, akamkanda kwa maji ya moto na kumchanja chale juu ya kovu. Alipofika kwetu miezi mitatu ilikuwa imepita.

MAMBO YA KUFUATA NYUMBANI

1. Kidonda cha upasuaji kiwe kikavu na safi. Asiyeosha mikono kwa sabuni asikiguse.
2. Usikande, usichanje, usipake majani, samli wala mafuta ya breki juu ya mshono.
3. Maliza dawa zote ulizopewa, na rudi kliniki tarehe uliyoandikiwa hata kama huna maumivu.
4. Usikanyagie mguu kabla hujaruhusiwa. Chuma husaidia mfupa uunge. Mfupa usipounga, chuma nacho huchoka na kuvunjika.
5. Tunza karatasi zako za hospitali na picha za eksrei. Kabla ya kupimwa kwa mashine ya sumaku, yaani MRI, sema una chuma au vali mwilini.
6. Jipu, jino bovu au kidonda kingine chochote kitibiwe mapema, kwa sababu vijidudu husafiri katika damu.

Rudi hospitali mara moja, usingoje tarehe ya kliniki, ukiona: majimaji au usaha kwenye mshono, uvimbe wenye joto, homa, maumivu mapya baada ya muda wa nafuu, jicho lililopasuliwa kuwa jekundu, kuuma au kupungua kuona, au, kwa mwenye vali, kukosa pumzi, kutokwa damu kwenye fizi, choo cheusi, mdomo kupinda au mkono kulegea. Kwa jicho na moyo, hata saa chache zina thamani.

MASWALI TUNAYOULIZWA WODINI

Je, chuma lazima kitolewe mfupa ukiunga? Kwa watu wazima mara nyingi hapana. Kisiposumbua chaweza kukaa maisha yote. Kwa watoto, ambao mifupa bado inakua, mara nyingi hutolewa. Daktari ndiye ataamua.

Je, mwenye chuma huvuta radi? La. Chuma kilichofunikwa na nyama hakiiti radi. Wakati wa mvua ya radi yeye naye aingie ndani kama watu wengine.

Je, mwili waweza kukikataa chuma baada ya miaka? Mara chache sana watu huchokozwa na madini fulani. Lakini mara nyingi panapotoka usaha, sababu ni vijidudu.

Kijana yule alikaa nasi wodini wiki nyingi. Mfupa ulisafishwa, akapewa dawa, na baadaye akawekewa chuma kingine. Safari hii shangazi ndiye aliyekuwa mlinzi wa kidonda: alimfukuza kila aliyekaribia bila kunawa, hata mchumba wa kijana. Siku ya kuruhusiwa aliniuliza kama anaweza kuondoka na kile chuma cha zamani. Nilimkatalia, kwa sababu si utaratibu wa hospitali. Alitaka, alisema, akawaonyeshe majirani kwamba hakikuoza.